Sikukuu za Watu wa Bara Hindi Kicukiro: Sahani Ivukayo Ua

Mtu ahamapo kwao hawezi kuibeba nyumba, wala shamba, wala mto aliokuwa akioga utotoni. Aghalabu huchukua vitu vitatu: lugha, mapishi na siku za kukumbuka. Lugha hupungua kwa watoto, na mapishi hubadilika kwa kukosa viungo. Lakini siku ya sikukuu, ikishikwa vema, huvirudisha vyote viwili nyumbani kwa mara moja. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuijua hali ya jamaa fulani ugenini na aulize jinsi wanavyosherehekea, kisha aulize ni nani waliokaribishwa.

Kicukiro ni mojawapo ya wilaya tatu za Jiji la Kigali, pamoja na Gasabo na Nyarugenge. Ndiko uliko uwanja wa ndege wa Kanombe, na ndiko yaliko makazi ya Kagarama, Niboye, Gatenga na Gikondo. Katika mitaa hiyo, kama ilivyo katika mitaa mingine ya Kigali, wanaishi watu wenye asili ya Bara Hindi: wenye maduka, wahasibu, walimu, madaktari na mafundi. Wengine ni Wagujarati ambao wazee wao wamekaa Afrika ya Mashariki kwa vizazi kadha. Wengine walifika juzi kwa mikataba ya kazi kutoka Kerala, Tamil Nadu au Punjab. Wapo Wahindu, Waislamu, Wakristo, Masingasinga na Majaini. Basi mtu asemapo "sikukuu ya Wahindi" hana budi kuulizwa: ipi, na ya Wahindi gani?

Wanyarwanda humwita mtu wa huko Umuhindi, na wengi Abahindi. Msimu wa mvua unaoanza mwezi wa Septemba nao huitwa umuhindo. Majina hayo yanafanana kwa sauti tu, lakini imetokea kwamba sikukuu kubwa za Wahindu huangukia katika msimu huohuo, wakati vilima vya Kigali vinapogeuka kijani na wakulima wapo shambani.

SAFARI YA WAZEE

Kuwapo kwa watu hawa katika nchi zetu si jambo la jana. Majahazi ya Gujarati na Kutch yalikuwa yakifika pwani ya Afrika ya Mashariki kwa pepo za msimu karne nyingi kabla ya ukoloni. Baadaye, kati ya mwaka 1896 na 1901, Waingereza waliwaleta vibarua wapatao 32,000 kutoka India kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Watu wapatao 2,500 kati yao walifia kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao mikataba ilipokwisha, na wachache walibaki. Wenye maduka ambao leo hudhaniwa kuwa wote ni wana wa reli walikuja wengi wao kwa njia nyingine: walifuata jamaa, walianza ukarani katika duka la mjomba, kisha wakafungua la kwao mbele zaidi. Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch aliyefariki mwaka 1916, alieneza maduka yake kutoka pwani hadi Uganda na kandokando ya maziwa.

Rwanda wakati huo ilikuwa sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Richard Kandt alipouanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa miongoni mwa wakaaji wake wa mwanzo. Walileta chumvi, nguo na shanga, wakanunua ngozi. Pamoja na bidhaa yalifika maneno. Neno duka likawa iduka katika Kinyarwanda, na chapati na sambusa zikaingia katika vyakula vya kila siku. Leo mtoto wa Kicukiro anunuapo chapati asubuhi hafikiri kwamba anakula chakula cha kigeni, wala hakosei, kwa maana chakula kilichokaa miaka mia moja jikoni kimekwisha kuwa cha nyumbani.

KALENDA IENDAYO KWA MWEZI

Majirani wengi hushangaa kuona kwamba Diwali haina tarehe moja. Mwaka 2023 iliangukia tarehe 12 Novemba, mwaka 2024 tarehe 31 Oktoba, na mwaka 2025 tarehe 20 Oktoba. Sababu yake si ngumu kwa msomaji aliyezoea kungoja mwezi wa Ramadhani. Miezi kumi na miwili ya mwandamo hufanya siku 354 hivi, yaani pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kumi na moja. Waislamu huuacha mwaka wao uzunguke majira yote. Wahindu huongeza mwezi mmoja kila baada ya miaka mitatu hivi, ili sikukuu zisiyakimbie majira ya mavuno. Ndiyo maana Diwali husogea mbele na nyuma, lakini haitoki nje ya Oktoba na Novemba.

Kabla ya Diwali huja Navaratri, maana yake mikesha tisa. Katika mikesha hiyo Wagujarati hucheza garba: wanawake na wanaume huzunguka kwa duara, wakipiga makofi au kugonganisha fimbo mbili fupi, na katikati huwekwa chungu cha udongo chenye matundu na taa ndani yake. Neno lenyewe latokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi. Chungu ni tumbo hilo, na taa ni uhai uliomo. Mwezi wa Desemba mwaka 2023, katika kikao kilichofanyika Kasane nchini Botswana, shirika la UNESCO liliiandika garba ya Gujarat katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Hivyo ngoma iliyovuka bahari na wahamaji ilipewa heshima hiyo katika ardhi ya Afrika.

Diwali yenyewe huangukia usiku wa giza, wakati mwezi haupo kabisa, na ndiyo maana taa huwa na maana. Kwa Wagujarati ni siku kadhaa mfululizo. Wenye biashara hufungua vitabu vipya vya hesabu na kuviombea baraka. Siku hizi si ajabu kuona kompyuta imewekwa mbele ya taa mahali pa daftari. Kesho yake ni mwaka mpya wao, na watu husalimiana "Sal Mubarak". Msikilizaji wa Kiswahili atalitambua mara moja neno la pili, kwani ni lilelile la Kiarabu lililotupa mubaraka na baraka. Neno la kwanza ni la Kiajemi, maana yake mwaka. Salamu ya Wahindu, basi, imeundwa kwa maneno ya majirani zao.

Watu wa Kerala wao huwa na Onam, mwezi wa Agosti au Septemba. Husimuliwa kwamba mfalme mwema Mahabali hurudi mara moja kwa mwaka kuwatazama raia wake, naye hupokewa kwa zulia la maua mlangoni na kwa karamu ya vyakula vingi visivyo na nyama, vikiandikwa juu ya jani la mgomba. Hapa Rwanda imewafaa sana, kwa maana nchi hii haikosi migomba. Tena tangu mwaka 2008 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, na sheria ya mwaka 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja. Jani la mgomba, ambalo mhamaji alifikiri ni desturi ya kwao tu, limekuwa sahani inayokubaliana kabisa na sheria za mwenyeji wake.

Zaidi ya hizo ziko Holi ya rangi mwezi wa Machi, Pongal ya Watamil katikati ya Januari, Vaisakhi ya Masingasinga mwezi wa Aprili, Navroz ya Waismailia tarehe 21 Machi, na Idi mbili ambazo Waislamu wote wa Kigali husherehekea pamoja, awe ametoka Karachi au amezaliwa Biryogo.

JIKONI NDIKO SIKUKUU ILIKO

Mtazamaji wa nje huona taa, nguo za hariri na ngoma. Asiyoyaona ni majuma mawili ya kazi yaliyotangulia. Nyumba husafishwa kutoka darini hadi uani, vyombo vya shaba husuguliwa, unga wa dengu hununuliwa, samli hupimwa, tambi, chevda na vitamu hukaangwa na kutiwa katika makopo. Akina mama ndio washikao uzi wa sikukuu ugenini. Katika mji wa asili kuna hekalu karibu, kuna bibi wa kuuliza, na kuna muuza vitamu pembeni mwa njia. Ugenini mama huwa yeye ndiye bibi, ndiye muuza vitamu, na ndiye mwalimu wa watoto wanaouliza kwa Kiingereza au Kinyarwanda kwa nini taa imewekwa kizingitini.

Hapo ndipo sikukuu huanza kujifunza ardhi mpya. Taa za Diwali ni vibakuli vidogo vya udongo vyenye utambi wa pamba na mafuta au samli. Udongo wa kufinyangia haukosekani Rwanda, na siagi ya ng'ombe imethaminiwa hapa tangu zamani. Vitamu vingi vya Kihindi hutengenezwa kwa maziwa, na hakuna nchi katika eneo letu inayoyaheshimu maziwa kupita Rwanda. Hata mataifa yenyewe yalikutana kwa njia ya ng'ombe: mwezi wa Julai 2018 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alipoitembelea Rwanda, alitoa ng'ombe 200 kwa wanakijiji wa Rweru katika mpango wa Girinka, ulioanzishwa mwaka 2006 ili kila jamaa maskini ipate ng'ombe. Mwaka huohuo India ikafungua ubalozi wake Kigali.

Kwa wasomaji wa ukurasa huu, yafaa kueleza kitamu kimoja kinachoweza kupikwa katika jiko lolote, nacho ni ladu ya dengu. Chukua vikombe viwili vya unga wa dengu, nusu kikombe au zaidi kidogo cha samli, kikombe kimoja cha sukari iliyosagwa laini, na punje chache za iliki zilizotwangwa. Yeyusha samli katika sufuria nzito, tia unga, ukoroge juu ya moto mdogo bila kuacha kwa muda wa dakika kumi na tano hadi ishirini, mpaka rangi iwe ya dhahabu na harufu ya ubichi iishe. Epua. Acha ipoe hata iwe vuguvugu, ndipo utie sukari na iliki. Ukitia sukari katika unga wa moto itayeyuka, na mchanganyiko utakuwa uji usioshikana. Finyanga madonge madogo kwa viganja. Yaliyopoa vizuri hukaa katika kopo lenye kifuniko kwa siku kadhaa.

Neno moja halina budi kusemwa kuhusu jiko hilo. Katika nyumba nyingi za Kigali, za Wahindi na za wasio Wahindi, mikono ikaangayo vitamu si ya mama wa nyumba peke yake. Yupo msaidizi wa kazi za nyumbani, mara nyingi msichana au kijana aliyetoka mikoani, ambaye siku ya sikukuu ya mwajiri huwa ndiyo siku yake ndefu kuliko zote. Akipewa mabaki saa tano za usiku, hiyo si sikukuu kwake. Akitengewa sahani yake ya kwanza, akaelezwa maana ya taa, akapewa na siku ya kupumzika baada ya shughuli, atakwenda kwao akisimulia habari njema za nyumba ile. Jina la jamaa mtaani husemwa kwanza na watu wa jikoni.

SOMO LA MWAKA 1972

Yako maswali ambayo mtu hawezi kuyakwepa anapoandika juu ya sherehe hizi katika Afrika ya Mashariki. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku tisini. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 8 Novemba. Diwali ya mwaka huo iliangukia siku chache tu kabla ya hapo. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wazaliwa wa Uganda, waliacha nyumba na maduka na mahekalu yao, wakaondoka na masanduku machache.

Amri ile ilikuwa ya kidhalimu, wala haifai kutafutiwa udhuru. Hata hivyo, miaka mingi baadaye, wazee wa pande zote mbili walijiuliza kwa nini sauti za kuwatetea zilikuwa chache. Walifanya biashara pamoja kwa miaka sabini, lakini wengi hawakuwahi kula pamoja. Mwafrika aliingia nyumba ya Mhindi kwa mlango wa jikoni, na Mhindi hakuingia ya Mwafrika kabisa. Wakoloni walikuwa wamewapangia hivyo kwa makusudi, kila rangi na mtaa wake na shule yake na hospitali yake, na uhuru ulipopatikana desturi hiyo haikuvunjwa upesi. Ni kweli kwamba sahani ya ladu haiwezi kuzuia amri ya dikteta mwenye bunduki. Lakini jirani anayekujua kwa jina la mtoto wako ni vigumu kuambiwa kwamba wewe ni mnyonyaji asiye na sura.

Mambo ya Leicester nchini Uingereza yanafundisha upande wa pili. Mwezi wa Septemba 1972 halmashauri ya mji huo ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, likiwashauri Waasia wa Uganda wasiende Leicester kwa kuwa nafasi zilikuwa zimejaa. Walikwenda hata hivyo. Leo Diwali ya barabara ya Belgrave katika mji uleule huhesabiwa miongoni mwa Diwali kubwa kabisa nje ya India, na halmashauri ndiyo inayosaidia kuitayarisha. Kenya nayo, mwezi wa Julai 2017, iliwatambua raia wake wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hiyo. Mlango huweza kufungwa katika siku moja, na kuufungua tena huchukua maisha ya watu wazima wawili.

KICUKIRO NA UJIRANI

Kicukiro haihitaji kufundishwa na Uganda wala na Uingereza gharama ya jirani kumgeuka jirani. Mwezi wa Aprili 1994 watu zaidi ya 2,000 walikimbilia chuo cha ufundi cha ETO Kicukiro, wakitumaini ulinzi wa askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari hao waliondoka. Waliobaki walipelekwa kilima cha Nyanza, na wengi wao wakauawa huko, mahali ambapo leo pana kumbukumbu yao.

Miaka ya baadaye kiwanja cha chuo hichohicho kilianza kuchezewa kriketi. Wachezaji walikuwa vijana Wanyarwanda waliokulia ukimbizini Uganda, Kenya na Tanzania, pamoja na wakazi wa Kigali kutoka India na Pakistan. Mwezi wa Oktoba 2017 ulifunguliwa uwanja maalumu wa kriketi huko Gahanga, katika wilaya hiyohiyo ya Kicukiro. Mchezo si sikukuu ya dini, lakini ni sherehe ya aina yake, na tofauti yake na karamu ya ndani ya ua ni kwamba kila mtu aweza kusimama kandoni akashangilia.

Rwanda yenyewe ina sikukuu iliyopotezwa ikarudishwa. Umuganura, karamu ya malimbuko ya mavuno, ilipigwa marufuku na Wabelgiji mwaka 1925. Leo ni siku ya mapumziko ya taifa, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Agosti. Siku hiyo jamaa hula pamoja, watoto hunywa maziwa, na aliyevuna humkumbuka asiyevuna. Mgeni wa Kerala akitazama vizuri ataiona Onam yake ndani yake. Kadhalika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi watu wa mtaa hutoka kwa umuganda, wakashika majembe na mafagio pamoja. Anayetaka jirani zake waje kwenye taa zake za Novemba na aonekane kwanza mtaroni na jembe lake mwezi wa Septemba.

ADABU YA KUALIKA NA KUALIKWA

Kwa familia zinazosherehekea, mashauri ni machache. Jirani apewe habari mapema, hasa kama kutakuwa na ngoma za usiku, na kelele zikome kwa saa iliyokubaliwa. Fataki zisiwashwe bila idhini ya wakuu wanaohusika. Katika mji wenye watu waliopitia mwaka 1994, mlipuko wa ghafla usiku si mchezo kwa kila sikio. Taa za udongo zatosha, nazo ndizo za asili. Watoto wa jirani waalikwe kupanga maua na kuwasha taa, kwa kuwa mtoto aliyeshika utambi hasahau.

Kwa wenyeji waalikwa, inafaa kujua kwamba Wahindu wengi na Majaini wote walio waangalifu hawali nyama, na wengine hawali hata mayai. Baadhi ya Majaini huacha pia vitunguu na viazi. Waislamu nao wana sheria zao za nyama. Kwa hiyo zawadi isiyoweza kukosea ni matunda: ndizi mbivu, nanasi, maparachichi au matunda ya pasheni, yakiwekwa katika agaseke, kikapu chenye kifuniko cha msonge ambacho Wanyarwanda wamekiweka hata katika nembo ya taifa lao.

Watu wa pwani wana desturi kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu. Iliyokuja na bajia hurudi na maembe. Iliyokuja na maembe hurudi na wali. Hakuna anayeandika hesabu hiyo katika daftari, wala haiombewi baraka siku ya mwaka mpya, lakini kila nyumba huikumbuka. Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi nchini Rwanda, kimeshaingia Kicukiro. Desturi hiyo ya sahani nayo yafaa ifuate, ikipita juu ya ua kutoka upande wowote utakaoanza.